Kompyuta yenye kiu

Mzazi, umeuza ndengu zako pale Wote, au mbuzi wawili Kitui, na sasa wataka kumnunulia mwanao wa chuo kompyuta. Muuzaji anakuonyesha alama za juu ilizopata prosesa. Ngoja kwanza!

Fikiria mama anayepika. Mtungi wa maji ukiwa karibu na meko, kazi inakwenda. Ukiisha, sharti aandamane na punda hadi mtoni akachimbe mchangani. Hata awe na mikono myepesi namna gani, chakula kitachelewa.

Prosesa nayo ina mtungi wake, uitwao kache. Ni mdogo lakini u karibu. Mto ni kumbukumbu kuu: kubwa, ila iko mbali na ni ya polepole. Jaribio dogo la kasi likitoshea ndani ya kache, alama hupaa. Kazi ikiwa kubwa kuliko kache, prosesa hubaki ikingoja.

Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa Celeron ya megahezi 266 isiyo na kache ya ngazi ya pili. Kwenye kazi za ofisi ikasuasua. Miezi minne baadaye ikaja Celeron 300A, yenye kilobaiti 128 za kache hiyo, nayo ikapata sifa. Megahezi zilikuwa zimeongezeka 34 tu!

Basi uliza ukubwa wa kache na kasi ya kumbukumbu. Kisha mwache mwanao ajaribu kazi zake mwenyewe papo hapo dukani, kabla hujatoa pesa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.