Tufufue makabati ya karakana kabla ya kuagiza mapya

Nyuma ya karakana moja ya umma mjini Muheza, chini ya mwembe, yamelundikwa makabati saba ya chuma. Milango yake imelegea, rangi imebabuka, na mvua za masika zimeyatia michirizi ya kutu toka juu hadi chini. Ndani ya jengo, spana, tupa na nyundo zimetandazwa sakafuni, na nyingine zimetiwa katika maboksi ya karatasi. Nilipouliza kulikoni, nilijibiwa kwamba makabati yale ni chakavu, na kwamba barua ya kuomba mapya imekwisha kupelekwa panapohusika. Barua hiyo ilikuwa na umri wa miaka miwili.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba ukurasa wa maoni una mambo makubwa zaidi ya kuzungumzia. Mimi nadhani sivyo. Taifa linalosema kwamba linajitegemea hupimwa kwa mambo kama haya.

Muheza si mahali pageni kwa chuma. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika hapa mwaka 1896, na kwa njia hiyo mitambo ikapanda kutoka pwani kwenda mashambani. Mkonge ulipostawi katika nchi yetu, karakana zilikuwa moyo wa mashamba hayo. Kila msomaji aliyekulia Tanga anajua kwamba jani la mkonge likisha kukatwa halina budi kupita kwenye korona upesi, kabla halijakauka. Korona ikisimama, jasho la mkataji limepotea bure. Na mara nyingi korona haisimami kwa kukosa fundi. Husimama kwa sababu fundi anazunguka karakana nzima akitafuta spana ambayo jana ilikuwapo.

Hapo ndipo inapoonekana kazi ya kabati. Kabati lenye rafu safi, lenye mahali pa kila kifaa na kitasa kinachofunga, ni daftari la chuma. Jioni msimamizi akifungua milango huona mara moja kipi kimerudi na kipi hakikurudi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karakana inayotandaza vifaa vyake sakafuni imekwisha kulichana daftari lake, na wizi mdogo mdogo wa mali ya umma huanzia hapo.

Sasa tujiulize: je, makabati yale saba yamekufa kweli? Niliyakagua pamoja na mzee mmoja aliyestaafu ufundi, mwenyeji wa Muheza. Aligonga kila kabati kwa mpini wa bisibisi, akisikiliza. Kisha akaniambia, "Mwanangu, haya mawili yameoza, mengine matano yanaumwa ngozi tu." Yale mawili kutu ilikuwa imekula sakafu na nguzo za pembeni, hata chuma kikavunjika kwa kidole. La kuvunda halina ubani, na hayo yafaa yakatwe ili mabati yake mazima yatumike kuziba mashimo ya wenzake. Lakini matano yaliyobaki yalikuwa na kutu ya juu juu, na chini yake bado kulikuwa na bati nene.

Kutu haina miujiza. Ni chuma kinachoungana na hewa na maji. Unyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 60, chuma kisichokuwa na kinga huanza kuliwa, na katika wilaya yetu, iliyo kati ya bahari na mvua za Usambara Mashariki, unyevu huo twaamka nao karibu kila siku. Kwa hiyo rangi ya kabati si pambo. Ni kinga kama dari ilivyo kinga ya nyumba, na isipotazamwa mwaka baada ya mwaka hutoboka.

Dawa yake haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Kabati humwagwa vitu vyote, likavuliwa milango na droo. Grisi na vumbi husuguliwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni. Palipobonyea hunyooshwa kwa nyundo, bawaba zilizolegea hukazwa au hubadilishwa, na penye tundu hupigwa kiraka cha bati kwa ribiti. Kisha huja kazi yenyewe, nayo ni brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionyeshe uso wake. Babu zetu walifanya kazi hii kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, na jina lake ndilo tulilolipa karatasi ya dukani.

Chuma kikisha kuwa safi na kikavu, hakiachwi kilale wazi usiku, maana umande utakirudisha kilikotoka. Siku hiyo hiyo hupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Baada ya hapo hufuata mikono miwili ya rangi ya mafuta, myembamba, na wa pili hungoja wa kwanza ukauke. Mwenye haraka hupaka mkono mmoja mzito, nao huchirizika na kubanduka. Mwisho, kabati husimamishwa juu ya matofali, ili maji ya kuoshea sakafu yasiifikie miguu yake.

Liko jambo moja la kuonya. Rangi nyingi za zamani, hasa zile nyekundu zilizotumika kuzuia kutu, zilitengenezwa kwa madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Rangi ya namna hiyo isisuguliwe ikiwa kavu, wala isichomwe moto. Ilowanishwe, msuguaji afunike pua na mdomo, na takataka zake zikusanywe mbali na kisima na mahali wanapochezea watoto. Kuokoa kabati kwa kumdhuru kijana anayelipaka rangi si kujitegemea.

Baadhi ya viongozi watasema kwamba muda unaotumika kukarabati ungetosha kununua mapya. Hesabu hiyo si sahihi. Bati jipya, kwa sehemu kubwa, hutoka nje, na hulipiwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mkonge, chai na korosho za mkulima. Chuma cha Liganga tumekizungumzia kwa miaka mingi. Haifai tukingojee huku tukitupa chuma tulicho nacho tayari. Isitoshe, mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa muda mrefu wamegeuza mapipa na mabati makuukuu kuwa majiko, ndoo na masanduku, bila semina wala posho. Kinachotushinda maofisini si ufundi.

Kinachotushinda ni kasumba. Anayenunua kabati jipya hutia sahihi, hupokewa kwa picha, na jina lake huingia katika taarifa ya mwaka. Anayefufua la zamani hubaki na rangi kwenye kucha, na hakuna safu ya kuandikia kazi yake. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi kwamba nchi yetu ilikuwa bado haijafikia ujamaa wala kujitegemea. Mashamba ya mkonge yaliyotaifishwa mwaka 1967 yalirudi mikononi mwa watu binafsi katika miaka ya 1990. Sababu zilikuwa nyingi, na bei ya soko la dunia ilikuwa mojawapo. Lakini tukiwa wakweli, tutakubali kwamba kutojali matunzo nako kulikuwamo.

Mfano mwema tunao humu humu wilayani. Reli ndogo ya Wajerumani kutoka Tengeni hadi Sigi, iliyojengwa kwa ajili ya kuteremsha mbao, haipo tena. Lakini nyumba ya mkuu wa stesheni pale Sigi haikuachwa iporomoke. Ilikarabatiwa, ikafanywa kituo cha kupokea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Kama nyumba ya mkoloni yaweza kufufuliwa ikawafaa wananchi, kabati la fundi limekosa nini?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila karakana ya umma ihesabu makabati yake na kutenga mazima, wagonjwa na mafu, kabla ya ombi lolote la mapya kupokelewa. Pili, fungu dogo la rangi, msasa na ribiti liwekwe katika makadirio ya kila mwaka, na lisiguswe kwa safari. Tatu, kazi hii wapewe vijana wanaojifunza ufundi, chini ya wazee waliostaafu. Kijana aliyekwisha kusugua kutu kwa siku tatu hataliacha kabati lake nje kwenye mvua.

Masika yatakuja tena, na mwembe ule hauna dari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ndugu zangu wa Muheza, yale matano bado yanangoja. Yaingizeni ndani kwanza, kisha tafuteni brashi.