Hiyo 1,200 Si Namba Yako

Wacha niseme hii kitu mara moja, mninunie mkitaka: mtu yeyote anayekuuzia ratiba ya kalori 1,200 bila kukuuliza urefu, uzito, umri na kazi unayofanya, anakuibia. Na haibi pesa peke yake.

Najua kwa sababu niliibiwa. Mwaka jana nilituma bob 1,500, nikatumiwa faili moja. Asubuhi yai na chai ya rangi bila sukari, mchana kabeji na tango, usiku supu. Nilipokuja kuhesabu baadaye, haikuwa inafika hata 900. Wiki ya kwanza nilishuka kilo tatu, nikaona nimeomoka. Wiki ya tano niliona giza nikiwa kwa stage, nikaamka nikipata mama wa njugu ananimwagia maji. Hedhi ikapotea miezi mitatu. Kumuuliza aliyeniuzia, ati shida ni mimi sina nidhamu.

Zile kilo tatu nazo? Nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwa maini na misuli, na kila gramu ya hiyo akiba hushikilia kama gramu tatu za maji. Ukikata chakula ghafla, akiba inaisha, maji yanatoka, mizani inakupigia makofi. Mafuta bado yako pale yanakuangalia.

Hiyo 1,200 yenyewe ni ya kitambo kuliko nyanya yangu. Daktari mmoja wa Marekani, Lulu Hunt Peters, aliipigia debe kwa kitabu chake cha 1918. Zaidi ya miaka mia baadaye, bado tunauziwa kama kitu kipya.

Halafu kuna hii. Kati ya 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walichukua wanaume 36 wenye afya, wakawapunguzia chakula miezi sita, karibu kalori 1,600 kwa siku. Sawa, walikuwa wanaume na walitembeshwa sana. Lakini walipoteza kama robo ya uzito wao, wakawa wanasikia baridi, wana hasira na huzuni, mchana kutwa wanawaza chakula tu. Watafiti waliita hiyo njaa. Wewe unapewa chini ya hapo na unaambiwa ni kujipenda.

Hesabu ya ukweli ni ya bure. Kwa msichana: uzito wa kilo mara 10, ongeza urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Kwa kijana wa kiume, badala ya kutoa 161, ongeza 5. Mimi nilikuwa na kilo 74, sentimita 165, miaka 22. Inakuja kama 1,500. Hiyo ni ya kupumua na kulala tu! Kwa sababu natembea kiasi, nikazidisha na 1.375, nikapata kama 2,060. Nikatoa 500, ikabaki 1,560. Ni makadirio, si amri ya Mungu. Toa 300 hadi 500, ngoja wiki tatu, angalia mizani, rekebisha. Nusu kilo kwa wiki inatosha, hata chini. Ukipungua, piga hesabu upya, kwa sababu mwili mdogo hutumia kidogo.

Na mwache kulaumu ugali. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupika ni kama kalori 120. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni karibu 200 za sukari pekee. Punguza hapo kwanza. Githeri, ndengu, omena na sukuma zinashibisha na hazihitaji duka la vitu vya kutoka ng'ambo.

Kama uko chini ya miaka 18, una mimba, unanyonyesha, una kisukari, au umewahi kupigana na chakula, hii hesabu si yako. Ongea na daktari au mtaalamu wa lishe. Na si kila mtu anahitaji kupungua, bana. Wengine mnahitaji tu marafiki wapya.

Najua mtasema, "Wewe hata chuo hukumaliza, unatufunza nini?" Ni kweli, nilitoka mwaka wa pili, karo ilikataa. Lakini kujumlisha na kutoa nilifunzwa primary.

Leo niko kilo 68. Imenichukua miezi mitano, na nimekula chapati kila Jumapili. Hakuna mtu ataweka hiyo kwa tangazo, haina mshtuko. Kwa hivyo kabla utume pesa, muulize muuzaji swali moja tu: "Mimi nina urefu gani?" Asipojua, kaa na bob yako.