Chui wa Unguja ametoweka, paa nunga asimfuate

Anayetaka kumwona chui wa Unguja kwa uhakika hana budi kwenda makumbusho. Zimebaki ngozi na mafuvu machache, pamoja na chui mmoja aliyekaushwa huko Zanzibar. Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni kutoka Marekani ilinasa mnyama aliyedhaniwa kuwa ndiye, lakini picha ile haijathibitishwa.

Mwingereza Reginald Pocock ndiye aliyemwandika chui huyu katika vitabu vya sayansi mwaka 1932, akampa jina la Dkt. Aders, mtaalamu aliyefanya kazi visiwani. Alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wa bara, na madoa yake yalikuwa madogo zaidi. Bahari ilipopanda na kukitenga kisiwa, alibaki akiwa mla nyama mkubwa kuliko wote Unguja. Wapo wataalamu wanaosema hastahili kuhesabiwa peke yake, kwamba ni chui wa Afrika tu. Hata kama ni kweli, Unguja haina mwingine.

Mashamba na makazi yalipunguza msitu, na watu wakawinda paa ambao pia walikuwa chakula cha chui. Hayo hutokea kote Afrika Mashariki. Jambo la pekee Unguja ni imani ya wafuga chui. Wanakijiji wengi waliamini kwamba chui ana mwenyewe, mchawi anayemlisha na kumtuma kula mifugo au kudhuru watu. Kwa hiyo aliyemuua chui hakuonekana mwindaji tu, bali mtu aliyewaondolea majirani uchawi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 imani hiyo ikapata nguvu mpya: kampeni iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi iliwasaka wachawi na chui kwa pamoja.

Cha kushangaza, imani ileile iliyomuua ndiyo inayomweka hai leo midomoni mwa watu. Wageni, na hata watu wa uhifadhi, wamewahi kuahidiwa kuonyeshwa chui wa kufugwa kwa malipo. Fedha zilitajwa, siku ikapangwa, chui hakuonekana. Hadi miaka ya 1990 wanasayansi waliomchunguza wakawa wamekata tamaa, na mpango wa kumhifadhi ukaachwa kabla haujashika mizizi.

Kuendelea kuwinda kivuli chake kwa kamera si vibaya, ila kuna mnyama mwingine mwenye jina la Aders huyohuyo ambaye bado anapumua. Huyo ni paa nunga, paa mdogo mwenye mkanda mweupe nyuma ya mapaja. Anaishi Jozani na katika misitu ya mawe ya kusini na mashariki ya Unguja, na wachache walihamishiwa visiwa vya Chumbe na Mnemba. Wawindaji wa nyavu na mbwa, pamoja na wakata kuni, wamempunguza sana.

Hapo ndipo majirani wanapohusika. Mbali na Unguja, paa nunga yumo pwani ya Kenya: Arabuko-Sokoke, na zaidi sana Boni na Dodori, ambako kamera za msituni zilionyesha kwamba wapo wengi kuliko ilivyodhaniwa. Lakini Boni ni uwanja wa operesheni dhidi ya al-Shabaab, na mtafiti haingii humo kirahisi. Mnyama mmoja, nchi mbili, na kila upande unamhesabu kivyake.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una kifungu kizima, cha 116, kuhusu ushirikiano katika wanyamapori. Mara nyingi kinakumbukwa kwa tembo na nyumbu, wanyama wanaoleta watalii. Maofisa wa misitu wa Zanzibar na wenzao wa Kenya wangeanza na mambo madogo: kuhesabu kwa njia moja, kubadilishana picha za kamera, na kuwaita wasasi wa vijijini pande zote mbili waeleze wanachokijua. Kwa Unguja kazi hiyo ina haraka yake, maana wazee waliowahi kumfuatilia chui mwenyewe, wanaojua alipita wapi na alikula nini, wanaondoka mmoja mmoja.