Maji matupu yanaua moteri zetu

Kwenye mlima wa Ngomo, barabara ya Bukavu-Uvira, lori lililosimama likitoa mvuke si jambo geni. Abiria wanashuka, konvoyeri anachota maji mtaroni, radiateri inajazwa, safari inaendelea. Ukiuliza kwa nini hawatumii antijeli, wengi watakujibu kwamba huku hakuna theluji.

Jibu hilo linatugharimu. Kweli, antijeli huzuia maji kuganda, na huku maji hayagandi. Lakini inafanya kazi nyingine mbili tunazozihitaji: inazuia kutu ndani ya moteri na inachelewesha maji kuchemka. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho, maji matupu huchemka kwenye digrii 95 hivi, wakati moteri nyingi hufanya kazi kwenye digrii 90 hivi. Kifuniko kizima cha radiateri huongeza presha na kuyazuia yasichemke mapema. Kifuniko kikichoka, lori lenye mzigo halina nafasi tena.

Kujaza antijeli tupu nako ni kosa, kwani peke yake haibebi joto vizuri kama maji. Kwa magari mengi, kipimo kinachofaa ni nusu kwa nusu, pamoja na maji distile. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, nayo huacha ukoko ndani ya mirija. Bidoni iliyoandikwa kwamba imekwisha kuchanganywa haiongezwi maji. Rangi pia isikudanganye: kijani au nyekundu haina maana moja kwa watengenezaji wote. Fuata kitabu cha gari.

Bidoni hiyo iwekwe mbali na watoto. Antijeli nyingi ni sumu, na ina utamu mdomoni.

Hapa nawalaumu wenye magari kuliko madereva. Dereva anapewa pesa ya mafuta na ya njiani, lakini ya radiateri hapewi. Siku joto linapopinda kichwa cha moteri, yeye ndiye anayefukuzwa kazi, na abiria wanalala barabarani. Anayepokea faida ya gari ndiye anayepaswa kununua bidoni hiyo. Bei yake haifiki hata kidogo bei ya moteri.