Garanti ya Miezi Sita

Kwa leo tuanze na mlango wa nyumba. Mwaka jana jamaa moja iliyotoka upande wa Kabambare, baba, mama na watoto sita, ilizunguka mitaa ya Kasongo siku nne ikitafuta vyumba viwili. Kodi ya mwezi waliiweza. Kilichowashinda ni garanti: kila mwenye nyumba alidai miezi sita mkononi kabla ya kutoa ufunguo, tena kwa dolari. Mwishowe walisimamisha kibanda cha miti na udongo ukingoni mwa korongo, mahali ambapo wenyeji hawajengi kwa kuwa wanajua maji ya mvua yanapopita. Watatu kati ya wenye nyumba hao tunasali nao katika shirika moja. Na tuseme yote: mmoja wetu sisi tunaoandika haya alikuwa miongoni mwao.

Sheria ya nchi imekwisha kulisema jambo hili. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba, imeweka mpaka: kwa nyumba ya kuishi, garanti isizidi kodi ya miezi mitatu. Wengi hawajapata kuisikia. Wanaoijua hunyamaza, kwa maana mpangaji mwenye watoto barazani habishani. Garanti ni amana, wala si zawadi. Mpangaji anapohama hurudishiwa, baada ya kukatwa deni lake kama lipo.

Tusiwaonee wenye nyumba. Mabati na simenti hufika kwetu kwa njia mbovu, na bei hupanda pamoja na matope. Mara nyingi mwenye nyumba ni mwalimu ambaye mshahara wake huchelewa, au mjane, na vile vyumba viwili vya nyuma ndivyo akiba yake ya uzee. Wapo wapangaji waliohama usiku wakaacha deni la miezi mitano. Woga huo una sababu. Lakini miezi sita haimtambui mwaminifu. Humtambua mwenye fedha tu, na mwenye fedha naye anajua kuhama usiku.

Twasikia pia neno jingine, hasa vinywani mwa vijana, nalo latuumiza zaidi: kwamba hawa wageni watafutiwe mtaa wao, wakae peke yao. Vita na dhahabu ya upande wa Salamabila vimewasukuma watu huku na huku kwa miaka. Ni kweli mji unajaa. Lakini Kasongo ulianza kuwa mji kwa namna gani? Wakati wa Tippu Tip, katika karne ya 19, ulijaa watu wa makabila mengi, wengine wakifuata biashara, wengine wakiletwa kwa nguvu. Kiswahili tunachosalia na mchele tunaopika siku ya sikukuu vilifika pamoja na misafara hiyo. Mji ule ulitekwa mwezi wa Aprili 1893, na mahali pake pa kale paitwa Tongoni, jina la mahame. Mababu wa wengi wetu waliingia hapa bila kiwanja, na mtu fulani aliwapa pa kulala.

Mwaka uleule wa 2015 Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si', alilitaja tatizo la ukosefu wa nyumba, ndani ya barua inayohusu utunzaji wa uumbaji. Waliodhani barua ile ni ya miti tu waisome tena.

Maoni yetu ni haya: shirika liwe mdhamini. Mpangaji aweke kodi ya mwezi mmoja. Wazee wa shirika watie sahihi kwamba wanamjua. Kila malipo yaandikwe. Hapo ninyi mliosoma mna kazi: nakala mbili, kiasi, tarehe, hali ya mlango na ya bati siku ya kuingia. Mtatuambia kwamba shirika halina fedha za kulipa deni la mtu. Kweli, halina. Lakini mtu anayesalimiwa kila juma na wale waliomwekea sahihi, kuhama usiku kwamwia vigumu.

Yule mmoja wetu amekubali kushuka hadi miezi mitatu. Jamaa ile ina wa mmoja. Tungali tunazungumza naye, na mvua za Septemba haziko mbali.