Gari la Umeme Bovu, au Kampuni Ndiyo Mbovu?

Wadau, ule ubishi wa "Toyota haifi, gari la umeme ni toi" naona umekaa upande mmoja. Tunabishana injini na betri, hatuulizi aliyelitengeneza ana pesa kiasi gani.

Chukueni mfano wa Fisker ya Marekani. Mwaka 2023 ilitengenezewa Ocean zaidi ya 10,000 kule Austria, lakini zilizowafikia wateja hazikufika hata 5,000. Magari yakalala yadi, na pesa ikalala humo humo. Juni 2024 kampuni ikakimbilia mahakamani kutangaza kufilisika. Sasa wewe umenunua gari linalotegemea programu za kampuni, kampuni yenyewe ndiyo hiyo imekufa. Spea utapata wapi? Wenye magari ikabidi waunde chama chao wajisaidie. Na kampuni ya kwanza ya huyo huyo Henrik Fisker ilipata mkopo wa serikali, ikafilisika 2013!

Halafu kuna siasa. Marekani ilikuwa inampunguzia mnunuzi kodi hadi dola 7,500. Sheria ya Julai 2025 ikaifuta nafuu hiyo baada ya Septemba 30. Kampuni iliyozoea kubebwa itasimamaje yenyewe?

Sisemi umeme haufai. Nasema Corolla ya zamani fundi yeyote chini ya mwembe anaifungua, hata Toyota wakifunga kesho. Kwa hiyo kabla hujasifia betri, jiulize: kampuni ikianguka, nani atalihudumia hilo gari?

Wadau mnasemaje? Nawakilisha.