Uongozi Hufundishika, Tufungulieni Milango

Wazazi wanaowaleta vijana wao kwenye shahada mpya ya uongozi wa taasisi ninayoiratibu huniuliza: "Mwalimu, uongozi si karama?" Huwajibu kwamba karama ipo, lakini kusoma mizania, kuendesha kikao na kumsikiliza mfanyakazi mwenye malalamiko ni mambo yanayofundishika.

Nchi yetu, Tanzania, inalijua hilo tangu zamani. Chuo cha Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya watendaji wa serikali za mitaa. Chuo cha Ushirika Moshi kikafuata mwaka 1963, ili vyama vya wakulima vipate watu wanaojua kuviendesha.

Ndiyo maana nataka mwanafunzi wangu akae kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika, amwone mkulima akisimama kuuliza makato ya kahawa yake yamekwenda wapi, na mwenyekiti akilazimika kujibu kwa hesabu, mbele ya wote. Uwajibikaji hufunzwa hapo zaidi kuliko kwenye kitini chochote.

Lakini ofisi nyingi humpokea kijana wa mafunzo kwa vitendo na kumwachia mashine ya fotokopi. Anarudi chuoni na fomu yenye muhuri, hajaona uamuzi hata mmoja ukifanywa. Hilo linaniuma.

Wakurugenzi, mameneja na wenyeviti wa vyama, nawaomba: mwiteni kijana huyo kikaoni, mpeni kalamu aandike muhtasari, kisha msahihisheni. Huyo ndiye atakayeshika ofisi zenu kesho.